Mto Usio wa Kulalia

Songo, Uvira, tarehe 2 Machi

Yaya mpendwa Pélagie, dada yangu mkubwa na komredi wangu wa kwanza,

Salamu za mapambano zikufikie huko Mulenge, wewe na Mama unayemuuguza. Je, homa imempungua? Anakunywa maziwa? Sisi huku chini tu wazima. Mvua inatupiga, lakini hatujainama.

Nakuletea habari za mto wako wa kufumia lesi, ule unaochomekwa pini za kushikilia nyuzi. Nilikuandikia kwamba paa lilivuja, mto ukalowa na kuoza. Nikaapa kukutengenezea mwingine kabla hujashuka, maana lesi ya shela ya bibi arusi wetu Uwizeye lazima ikamilike kabla ya Pasaka, na jina lako la ufundi limefungwa kwenye arusi hiyo.

Wa kwanza niliujaza pamba. Uwamahirwe, mwanafunzi wako wa ufumaji, alichomeka pini kumi. Zote zikalala kama walevi. Akaniambia, kwa heshima iliyojaa dhihaka, kwamba mimi, président wa wanafunzi wa chuo, nimeshona mto wa kitoto kichanga. Kisha akanielekeza: majani makavu ya mpunga, yakatwe mafupi, yashindiliwe mpaka mto ukigongwa ulie kama mlango.

Majani niliyafuata Lubarika. Lakini mikono yangu, iliyozoea kalamu na kipaza sauti, haikuweza kushindilia. Nikawatumia makomredi ujumbe: Jumamosi, sote kwenye kazi ya mto! Wakaja kumi na wanne, na majembe na viatu vya mpira, tayari kuzibua mto unaofurika mtaani. Nikawaonyesha kifuko cha mto, cha kitambaa cha jinzi. Kizito akashika kiuno, akauliza: «Président, weye ulituita kuokoa mutaa ao kulala?» Walicheka mpaka majirani wakatoka nje. Hata hivyo hawakuondoka. Waligeuza majembe, wakashindilia majani kwa mipini, kwa zamu, wakiimba nyimbo zetu za maandamano. Kufikia adhuhuri mto ulikuwa mgumu, na pini ya Uwamahirwe ikasimama wima.

Yaya, walipokuwa wakiimba ndipo aibu iliponikaba. Paa halikuvuja. Siku za mgomo wetu wa wanafunzi niliuchukua mto wako niulalie uani pa chuo. Niling'oa pini zote, nikakata nyuzi za vijiti vyako arobaini vya kufumia, nikaisokota lesi ya miezi mitatu mfukoni kama leso. Nilisema mto ni mto. Mimi ninayehutubia juu ya jasho la wanyonge, sikuiona kazi yako kuwa kazi! Baadaye mvua ilitunyeshea pale uani, ikaumaliza mto. Lakini lesi niliiharibu mimi, kabla ya tone la kwanza.

Uwizeye na wanawake wa ushirika wako wa ufumaji bado wanailaumu mvua, na wananipa pole. Kila pole inanichoma.

Uwamahirwe ameanza upya pindo la shela. Anasema ukishuka ndani ya wiki mbili, mkishirikiana, sehemu ya mbele ya shela itawahi. Usinisamehe kwa barua. Njoo unigombeze ana kwa ana.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na wasalimie wote wa nyumba hiyo, wakubwa kwa wadogo.

Nimewaita wanawake wa ushirika, Uwizeye akiwemo: Jumatano hii, saa tatu asubuhi, uani kwa Mama Generose, mmoja wao. Ajenda ni moja: mimi.

Mdogo wako,
Emery