Kahawa ya Watu kwa Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 16 Juni
Nimemenya kahawa tangu saa tisa mpaka giza. Nyumba hii ndiyo yenye mashine ya kumenyea, ya kuzungusha kwa mkono, basi jirani wote wa upande huu wa Hasamba wanaleta kahawa mbivu kwetu. Ikilala bila kumenywa inaharibika. Wao wanamimina, mimi nazungusha. Baba Mdogo anapiga nao soga. Neema, binti yake, anachota maji, akichoka anakaa. Mimi sikai. Likizo gani hii.

Kifundo cha mkono wa kulia kinauma, upande wa dole gumba. Kidogo.

Alhamisi, 19 Juni
Si kidogo tena. Nimeshindwa kukamua sketi niliyofua. Kikombe cha chai nimekishika kwa mikono miwili kama mtoto. Nikikunja dole gumba kuna kitu kinakwaruza ndani, kama kamba inayoburuzwa kwenye ubao.

Neema kaona. "Sistaduu wa Kamsamba! Kwenu mpunga unajivuna wenyewe?"

Nikaianika sketi ikichuruzika maji. Wanadhani sina la kusema. Ninayo mengi.

Jumamosi, 21 Juni
Leo nimebadili mkono. Kushoto. Nafuu kubwa! Debe moja tu, Baba Mdogo akapiga kelele mbele ya watu: "We mtoto! Kahawa ya watu unaizungusha kwa kushoto? Na mkwe wako utampa chakula hivyohivyo?"

Wakacheka wote. Mzee mmoja akavuta debe lake nyuma. Kweli, alilivuta, kana kwamba nimelitemea mate.

Nikarudi kulia. Namchukia Baba Mdogo. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 22 Juni
Baba Mdogo anasema mkono umeteguka. Kauchua yeye mwenyewe. Maji ya moto, chumvi, mafuta, halafu anavuta dole gumba eti lirudi mahali pake. Nimeona nyota mchana. Neema alinishika mabega nisikimbie. Alikuwa anacheka.

Jumatatu, 23 Juni
Umevimba. Kalamu inadondoka.

Mock ni wiki tatu zijazo. Nikisema sizungushi, atanirudisha Kamsamba kwa wazazi, ameshatishia mara nyingi. Shule yangu iko huku. Nikinyamaza, mtihani nitauandika kwa nini? Kwa mdomo?

Jumatano, 25 Juni
Nimedanganya kwamba naenda kuazima daftari la Fizikia. Nimeenda zahanati.

Daktari ni mama mmoja mpole. Akaniambia nifumbate dole gumba ndani ya ngumi, halafu niinamishe ngumi kuelekea kidole kidogo. Nikapiga yowe. Mimi, ambaye darasani hata kunyoosha mkono naogopa.

"Hujateguka, mwanangu. Kano zimevimba kwa kurudia kazi ileile. Na huko kuchuliwa ndiko kumezichokoza zaidi. Usikubali tena."

Kanifunga gango, dole gumba lisichezecheze. Nipumzishe mkono kabisa. Kitambaa cha maji baridi. Dawa ya maumivu nimeze nikishakula. Uvimbe ukipungua ndipo nianze kuunyoosha taratibu. Akauliza mashine iko juu kiasi gani. Nikamwonyesha, chini ya kiuno. Akatikisa kichwa. Ingeinuliwa, na watu wapokezane, na mikono ipokezane.

Mikono ipokezane. Nilitaka kucheka.

Naandika kwa kushoto. Mwandiko wa kuku.

Ijumaa, 27 Juni
Nimesema.

Kahawa ilikuwa imeshamiminwa, jirani wamesimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana. "Baba Mdogo, sizungushi. Daktari kakataza."

"Daktari yupi? Nani kakutuma huko?"

Neema naye: "Kajifunga vijiti kama mche wa nyanya!"

Kicheko. Masikio yakawaka moto. Baba Mdogo akasema Jumapili napanda gari, narudi kwetu. Nikajibu, "Nitarudi. Lakini sizungushi." Mpaka sasa sijui ujasiri nilitoa wapi.

Akamgeukia Neema. "Mimi nachota maji, baba," Neema akasema haraka. Basi Baba Mdogo akashika mashine mwenyewe. Kwa kulia. Aliniangalia muda wote. Nami nilimwangalia. Mpaka debe la mwisho.

Jumapili, 29 Juni
Hakuna aliyenipandisha gari. Hakuna anayeniongelesha pia. Safi.

Maji baridi asubuhi na jioni.

Jumanne, 8 Julai
Uvimbe umekwisha. Nimeanza kunyoosha, polepole, nikisikia kuuma naacha. Kalamu nimeizungushia kitambaa inenepe, nisiibane kwa nguvu. Nusu ukurasa bila kusimama!

Leo Baba Mdogo kashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nimeona. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Baadaye nikamkuta jikoni anachemsha maji, chumvi pembeni. Ningeweza kupita tu. "Baba Mdogo, usiuchue. Weka maji baridi. Na ile mashine iko chini mno."

Akasonya. Nikaondoka.

Jumamosi, 12 Julai
Mock inaanza Jumatatu. Niko chumbani na Baiolojia. Kurasa mbili leo, mkono haujalalamika.

Nje mashine inalia, lakini mwendo wake si ule. Nimechungulia dirishani. Imewekwa juu ya matofali. Jirani wamekaa na madebe yao. Baba Mdogo anazungusha kwa kushoto. Hakuna aliyevuta debe nyuma.

Bado simpendi.

Nimefunga dirisha taratibu, kwa mkono wa kulia.