Neno la Wakili

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu Chiriku hajarudi. Baba yake alimchukua Ijumaa, kama kawaida yetu tangu tuachane, amrudishe jana jioni. Simu imezimwa. Kwake nimekuta kufuli. Mwenye nyumba anasema walitoka na mabegi. Mabegi ya nini? Kazini nimekwenda hivyo hivyo, macho yamevimba. Wagonjwa wa viungo ninaowafanyisha mazoezi hawasubiri.

Jumatano, 6 Machi
Polisi. Askari wa kaunta kacheka: baba hawezi kumwiba mtoto wake, nendeni mkayamalize nyumbani. Nyumbani wapi? Hati ya mahakama iliyonipa malezi hata hakuigusa. Dada yangu akanivuta kabla sijatukana.

Wakili tuliyemwendea baadaye hakucheka. Mwanamama mkali, anakunywa chai huku anachapa. Akanigeuzia kompyuta nisome mashtaka aliyoyaandika kwa Kiingereza. Katikati ya mstari: abduct. Nikamwambia hilo ni neno langu la kazini. Akashangaa. Nikanyanyua mkono pembeni, mbali na kiwiliwili, kama ninavyowaonyesha wagonjwa — hii ndiyo abduct.

"Kwenu mkono unarudi," akasema. "Kwetu ni kumtorosha mtu. Mzazi mwenzio anaweza kufungwa. Uko tayari?"

Nikaweka sahihi. Sikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Alhamisi, 7 Machi
Bibi mwenye bega lililokakamaa. Nikataka kumwambia ninachosema kila siku — peleka mkono pembeni, mama, taratibu — sauti ikakatika. Nimelia mbele ya mgonjwa! Bibi kanishika kwa mkono wake mzima. Bosi kanipa ruhusa.

Chumbani kwa Chiriku sijaingia.

Jumanne, 12 Machi
Wamepatikana! Wako kwa shangazi yake Chiriku, mji wa jirani. Mimi na dada tumekuja mbio, tukakuta askari wameshapita. Wamemfunga baba yake pingu mbele ya mtoto, wakaondoka naye. Nilidhani watamwita tu pembeni waongee. Sijui nilidhani nini.

Chiriku kajifungia chumbani. Shangazi mtu hakunitukana, wala hakunikaribisha. "Wifi, ongea naye mwenyewe."

Nimeongea. Nimemwimbia. Nimemwita majina yote ya utotoni. Kanijibu mara moja tu, kwa sauti ile ndogo inayonimaliza: nikawaambie wale askari wamrudishe baba, ndipo atafungua.

Nimempigia wakili. Anasema kufuta mashtaka si kama kufuta ubao — na nikifuta, kesho mtu huyo huyo atamchukua tena, safari hii mbali zaidi. Nifikirie vizuri. Nafikiria! Dada anasema tuvunje kitasa. Nimemkatalia.

Sasa nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni, daftari magotini. Chiriku naye amekaa upande wa pili, nasikia anavyovuta kamasi. Nimepitisha vidole chini ya mlango.

Hajavigusa. Lakini hajasogea.