Mahali Pako Sokoni Pana Mtu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kwa namna nyingine, na Mama yuko hapa karibu yangu anachambua maharage. Akisikia nimekuandikia bila kukuamkia atanisema mpaka jioni.

Tangu tukuzike, masika yamekuja na kwenda zake. Masale tuliyopanda pembeni ya kaburi yameshika, yale ya upande wa mfereji zaidi. Miguu ya Mama ni ileile, kuna siku inavimba, kuna siku inamwachia. Kaka zangu walirudi Dar es Salaam baada ya matanga. Mimi kitinda mimba wako nimepanda na mke wangu na watoto, tunakaa hapa kwenye kihamba ulichoniachia, migomba juu na kahawa chini yake, kama watoto wa kiume wa mwisho wote wa huku Masama wanavyoachiwa. Chumba nilichopanga Majengo, kule mjini, nimemrudishia mwenye nyumba.

Kiwanda kimeuzwa, Baba. Ukiwa hai ilikuwa minong'ono tu. Ulipoondoka kikauzwa kweli, na sisi tukapunguzwa.

Siku ile nilikukumbuka nikacheka peke yangu getini, wenzangu wakadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nilikumbuka habari ya mtambo wa kukaushia. Kila alasiri tulikuwa tunauzima, tunasimama tu tukiutazama, halafu tunauwasha upya na kuusubiri upate moto. Ulipokuja kunitembelea ukaniuliza kwa nini, nikakujibu kwamba ndivyo tunavyofanya. Ukaniangalia kwa yale macho yako ya kuudhi ukasema, "Nani alianza, na alikuwa na shida gani?"

Swali hilo lilininyima raha. Nikaenda kuuliza, na mlinzi aliyekuwapo tangu mwanzo akaniambia kwamba zamani saa ile wafanyakazi walikuwa wanagawiwa chai. Chai ilikwisha, vikombe vikapotea, jiko likageuzwa stoo, lakini mtambo ukaendelea kusimama kupisha chai. Nilipolisema hilo kwenye kikao, msimamizi alinuna. "Kalisti, umekuja juzi hapa unataka kutufundisha kazi?" Baadaye akaacha kuuzima, kimyakimya, wala hakunitaja. Basi siku ya kupunguzwa tuliouliza na walionyamaza wote tulipewa bahasha za aina moja. Hapo ndipo nilipocheka. Nilijua ungeniuliza kama nilikuwa nauliza maswali ili nipewe bahasha tofauti.

Wewe na swali lako hilo, Baba. Mama alikuwa akisema litamuua yeye kwanza. Padri akitangaza jambo, wewe unauliza nani alianza. Ukoo ukikaa, wewe unauliza. Hukuwa mbishi wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililowakera watu zaidi. Ulikuwa unauliza polepole kama mtu anayeomba chumvi.

Naikumbuka ile miaka kahawa ilipoharibika. Wanunuzi binafsi walianza kupanda na malori yao, na mrututu, ile dawa ya kupulizia kahawa, ukawa wa kujinunulia mwenyewe. Wazee wenzako walikaa kwenye pombe ya mbege wakisubiri kahawa irudi kuwa kahawa. Wewe hukuing'oa, ila ulianza kutazama migomba. Huku kwetu kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Mwanaume anaweza kupanda mgomba, kuupalilia, hata kukata mkungu, lakini mkungu ukishafika kwenye njia ya sokoni ni mambo ya wanawake. Na miguu ya Mama ndiyo ilikuwa imeanza. Mwingine angemwomba mke wa jirani ampelekee. Wewe ulisimama uani ukasema, "Ndizi nikizila ni zangu, nikiziuza ni za mama yenu?" Ukasokota ngata ya majani makavu, ukajitwika mkungu kichwani, ukaondoka.

Habari ilinifikia kiwandani kabla hujafika nyumbani. Ungebeba begani, watu wangesema unampelekea binti yako ndizi. Lakini kichwani, kama mwanamke, mchana kweupe! Nilipokuuliza ulinijibu kwamba bega lina kazi nyingine, na kichwa cha mwanaume wa huku hakina mzigo. Sikujua nicheke au ninune, nikacheka.

Mzee Fausti, jirani yetu wa chini ya mfereji, ndiye aliyekuandama kuliko wote. Pale kwenye mbege akakubatiza jina la Mama Kalisti, na wenzake wakalidaka. Wewe ukamletea ugoro kutoka sokoni, ukamkabidhi mbele yao ukisema, "Pokea, umeletewa na Mama Kalisti." Akaupokea. Mzee Fausti hajawahi kukataa ugoro wa mtu.

Wanawake nao hawakukupokea kwa vigelegele. Mama Hilda, yule anayeuza mbele ya mashine ya kusaga, amenisimulia kwamba siku za kwanza walikuwa wanajisogeza wakikuachia nafasi kubwa kama mtu mwenye surua. Halafu wakakuzoea. Wakaanza kukuachia mizigo yao uilinde, wakaanza kukueleza habari za waume zao, jambo ambalo uliniambia ungependa kuondolewa. Ukawa na mahali pako pale ukutani. Ndizi zako zilimsomesha binamu yetu mdogo na kumtibu Mama, na wewe hukuwahi kulisema hilo kwa sauti ya kujisifu.

Sasa nikueleze la kwangu.

Niliporudi na bahasha yangu kila mtu alikuwa na ushauri, na wote ulikuwa mmoja: fungua duka. Wenzangu wote waliopunguzwa wamefungua maduka. Ukipita Pasua kule mjini sasa hivi kila mlango ni duka, chumvi, kiberiti na sabuni, na wenye maduka wanakwenda kununuliana chumvi ili siku isiende bure. Kaka mkubwa alipiga simu parokiani nikaitwa, akaniambia nisijifanye mjuaji, nifanye kama wenzangu. Mke wangu alikuwa ananitazama tu, na watoto walikuwa wanatakiwa kula. Niliogopa, Baba. Nakwambia wewe kwa sababu hutamwambia mtu.

Nikajiuliza, kwani mimi ni mtoto wa nani? Nikasokota ngata, nikajitwika kichwani mkungu wa mshare, zile ndizi za kupika, nikateremka sokoni kwenda kukaa mahali pako. Njia nzima shingo inauma lakini moyo umesimama wima. Nilijiona shujaa. Nilikuwa nimeshatayarisha hata maneno ya kumjibu atakayenicheka.

Nikafika ukutani nikakuta pamekaliwa. Amekaa Mzee Fausti, miguu ameinyoosha, mikungu yake imepangwa mbele yake, anasinzia. Kando yake kuna mwanaume mwingine, na kule mbele mwingine. Hakuna aliyenicheka. Hakuna hata aliyenitazama. Nikamwamkia. Akafungua jicho moja akasema, "Marahaba. Hapa pana mtu, Kalisti, sogea kule kwa wenzako."

Nilisimama na mkungu wangu kichwani sijui niucheke mwili wangu au niulilie. Yale maneno niliyotayarisha hayakuwa na wa kuambiwa. Nilikaa huko pembeni, ndizi zilikuwa nyingi kuliko wanunuzi, na jioni nikapanda na mkungu wangu uleule. Siku ile ndiyo nilikulilia kweli. Msibani nilikuwa na kazi ya kupokea wageni. Njiani huku juu sikuwa na mgeni wa kupokea.

Lakini nilipofika karibu na mfereji nikakusikia, si sauti, ni ile namna yako. Nani alianza, na alikuwa na shida gani? Ulianza wewe. Shida yako ilikuwa miguu ya Mama na kahawa isiyolipa. Mimi nilikuwa nimebeba jibu lako kichwani bila kuwa na shida yako. Nilidhani nakataa kufuata watu, kumbe nilikuwa nafuata mtu mmoja tu badala ya wengi. Nilikaa pale kwenye jiwe nikajiona mjinga, halafu nikajisikia nafuu.

Nikaanza kufikiria kile nilichokuwa nimekiona sokoni siku nzima. Niliona wanawake walioshuka alfajiri kutoka kule juu karibu na msitu, na mizigo ya kuvunja mgongo, wakila andazi moja na chai ya rangi mpaka jioni. Na mbele yao kuna milima ya mshare.

Unakumbuka mtori wetu? Binti yangu Prisca alipozaliwa Mama hakuweza kuteremka Majengo, ukaja wewe na mshare kwenye gunia. Wanawake wa ile nyumba walishika vichwa walipoona mzazi anapikiwa na wanaume wawili. Tulimenya ndizi zote kwanza, tukaziacha kwenye sinia bila maji huku tunabishana nyama iive kiasi gani, zikageuka nyeusi. Tukazipika hivyohivyo, tukaziponda, ukaonja ukasema haina neno. Mtori ulikuwa mweusi kama lami. Mke wangu aliutazama, akacheka mpaka akashika tumbo akituomba tutoke asije akaumia. Kisha akaumaliza. Wewe ulikaa kwenye ndoo pale mlangoni ukisikiliza kijiko kinavyogonga bakuli, na sijawahi kukuona umefurahi vile.

Basi nilianza kupika. Mama akiwa amekaa kwenye kigoda chake akanisahihisha, maji kwanza, ndizi ndani ya maji, mchuzi wa mifupa, maziwa mwishoni. Nikabeba sufuria na jiko la mkaa mpaka sokoni. Mtori, Baba, chakula cha mzazi, unauzwa sokoni, na mwanaume. Hapo ndipo walipocheka. Mama Hilda alisimama akauliza soko zima lisikie, "Jamani, nani kajifungua?"

Nikamjibu kwamba mtu aliyeshuka na mkungu kutoka kule juu hana tofauti na mzazi, na yeye Mama Hilda kwa mzigo wa leo amejifungua mapacha. Walicheka zaidi, lakini hawakununua. Mwanamke gani atakula mtori hadharani, waseme ana mtoto mchanga uzeeni? Jua likapanda. Sufuria imejaa, nyama nimekopa, na nyumbani mke wangu anasubiri kujua kama mumewe ana akili au hana.

Aliyeinuka ni Mzee Fausti. Hana meno sasa, sijui kama uliliona hilo kabla hujaondoka, andazi kwake ni adhabu. Akaja polepole, akakaa kwenye benchi langu, akasema, "Baba yako alinimaliza uanaume nusu. Nipe bakuli, wewe nimalizie." Akala. Akaomba tena. Akafuta mdomo kwa mkono, akanishukuru kwa lugha yetu, "Aika, mbe," akarudi ukutani kwake. Mama Hilda alikuwa wa pili, akijifanya anaonja tu.

Siku hizi sufuria hairudi na kitu. Mke wangu anapika na mimi zamu kwa zamu, na ukimuuliza nani anapika vizuri zaidi usimuulize mbele yangu. Hatujatajirika. Tunakula, Prisca yuko shuleni, Mama ana dawa. Juzi kijana mmoja amekuja na sufuria yake ya mtori upande wa pili wa soko. Mke wangu alinuna. Mimi nilimpa kiti.

Ningeishia hapa, lakini kuna jambo lililonifanya nishike kalamu.

Jumapili tulikuwa tunasafisha kaburi lako. Prisca anafagia, mdogo wake Deo anacheza na majani. Prisca akasema Bibi amemwambia kihamba hiki kitakuwa cha Deo, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume wa mwisho. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini kisiwe chake yeye, maana yeye ndiye anayekata majani ya ng'ombe. Nikafungua mdomo kumwambia kwamba ndivyo tunavyofanya. Akaniangalia, Baba, kwa macho yaleyale ya kuudhi, akauliza, "Nani alianza?"

Hakumalizia ile nusu ya shida. Nadhani hakuwahi kuisikia. Niliimalizia mwenyewe kimoyomoyo.

Uliuliza mengi maisha yako yote, lakini hili hukuliuliza. Au uliliuliza moyoni ukanyamaza, kwa sababu wa mwisho nilikuwa mimi. Sikulaumu. Hata mimi ningependa liulizwe kwenye kihamba cha mtu mwingine. Mtambo wa kiwandani haukuwa wangu na ndizi zilikuwa zako, lakini hili limenikuta nimekalia kitu chenyewe.

Krismasi kaka zangu watapanda wote kuja nyumbani, na wazee wa ukoo watakuja kunywa mbege. Nakuahidi nitaliuliza mbele yao, polepole, kama mtu anayeomba chumvi, Prisca akiwa amekaa hapohapo anasikia. Mzee Fausti ataniandalia jina, na mimi nimeshamwekea ugoro.

Lala vizuri chini ya migomba yako, Baba. Mahali pako sokoni pana mtu, na sitapadai.

Mimi mwanao wa mwisho,
Kalisti