Mkwe Wangu Kwenye Nyota

Alhamisi, 17 Juni 1976

Ndege ya Dakota imefika! Saa tisa alasiri imezunguka mara mbili juu ya kota zetu hapa Mwadui, watoto wote mbio uwanjani. Miavuli yote ya kurukia tumeshaikunja, mimi na mwenzangu Maduhu, tangu Jumatatu. Vidole vinaniuma. Namshukuru Mungu hakuna hata mmoja uliochanika.

Kocha ameshuka humo humo. Anaitwa Donatus, mtu wa Songea, zamani mwanajeshi. Mfupi, sauti kubwa. Ameniona na mwavuli begani akadhani namletea yeye. Kamili wa klabu yetu ya miavuli akamwambia huyu mama mwenyewe anaruka, ameshatoka mlangoni mwa ndege mara sitini na moja. Donatus akaniamkia shikamoo palepale, kofia mkononi!

Anataka tufanye nyota ya watu kumi na sita. Sisi hatujawahi kuzidi wanane. Mnatoka kwenye ndege mfululizo, mnakutana mkiwa mnaanguka, mnashikana vifundo vya mikono mpaka duara linafunga. Halafu mnaachana, kila mtu anafungua mwavuli wake. Tukifunga kabla Jumapili haijaisha, hao hao kumi na sita wataruka Dar siku ya Saba Saba. Dar! Mimi hata Tabora sijafika.

Baba Justina kauliza kama huko Dar watu wananunua tikiti kuja kumwona mke wake anaanguka. Nimemwambia ale ugali wake.

Ijumaa, 18 Juni 1976

Mambo.

Nafasi zimebandikwa ukutani. Mkono wangu wa kulia Kamili. Mkono wa kushoto — Masele. Nimesoma mara mbili. Masele, mume wa Justina wangu. Klabuni siku zote zamu zetu ni mbali mbali, mimi Jumamosi, yeye Jumapili, na ndivyo tulivyotaka wote wawili bila kuambiana.

Mkwe hamwangalii mama mkwe usoni, hamgusi, hali naye sahani moja. Miaka miwili ya ndoa, akiniona njia ya dukani anakata kona. Mimi nami namwachia njia. Ni kijana wa adabu sana, namwombea kila siku kwenye rozari. Lakini nani alifikiria habari za angani?

Jioni mazoezi ya chini. Tumejipanga duara kwenye nyasi, tumeinama, mikono mbele. Donatus akasema shikaneni. Masele akashika ncha ya mkono wa ovaroli yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa kabatini. Uso chini. Wote wa huku wakaangalia viatu vyao. Kamili alikuwa anatetemeka kwa kicheko. Donatus hakuelewa, akafikiri kijana ana baridi.

Hakuna aliyemwambia. Mimi pia nimenyamaza. Aibu.

Jumamosi, 19 Juni 1976

Siku ndefu. Nitaandika yote.

Mruko wa kwanza asubuhi, hewa safi. Tumetoka vizuri. Nikamshika Kamili, duara likakua, watu tisa, kumi, kumi na tatu — raha sijui niieleze vipi, upepo unavuma masikioni na watu wote wanacheka midomo wazi. Kushoto kwangu pengo. Masele akaja. Alikuja taratibu kama alivyofundishwa, mkono ukawa umebaki kidogo tu. Ghafla akakumbuka mimi ni nani! Akainamisha uso. Basi, akazama. Alipita chini yetu kama jiwe kisimani. Hatukumwona tena mpaka ardhini.

Donatus alikuwa juu yetu anatazama. Alimkemea mbele za watu. Ukiwa hewani, kichwa kinakoelekea ndiko na mwili unakokwenda, macho juu, mtazame unayemfuata. Masele ndiyo afande, ndiyo afande. Roho iliniuma.

Chakula cha mchana nikakaa kwenye mkeka, Masele akainuka na sahani yake akaenda kula nyuma ya Landrova. Hapo Donatus akanivuta pembeni.

"Mama, wewe na yule kijana mmegombana?"

"Hapana. Tunaheshimiana."

Nikamweleza. Alisikiliza, akakuna kichwa. Akasema kumbe ni kitu chepesi, atanihamisha.

Amenihamisha! Amenipeleka upande wa pili wa duara. Sasa kwenye duara aliye upande wa pili ndiye unayetazamana naye ana kwa ana. Sikuwaza, na yeye hakuwaza. Mruko wa pili Masele akaingia vizuri, akashika kulia, akashika kushoto, watu kumi na tano, akainua uso — mimi huyu hapa. Akageuza shingo. Akayumba, akampiga Maduhu teke la mbavu, nyota ikapasuka kama mfuko wa karanga.

Kamili kashauri nivae miwani ya welda, ile nyeusi, mkwe asione macho yangu. Tumejaribu mruko wa tatu. Yeye hakuona macho yangu kweli. Mimi nami sikuona kitu chochote! Nimeshika mguu wa mtu, mpaka sasa sijui wa nani.

Tulipomaliza Donatus akaniita, safari hii hana kelele. Kesho ndege itaruka mara moja tu, mafuta ndiyo hayo. Kati yangu na Masele mmoja abaki chini, Jilala wa akiba aingie. Nami kwa kuwa ni mkubwa nimtajie nani.

Nimerudi nyumbani. Justina alikuwa ananisubiri jikoni. Mume wake hajala. Masele amesema atabaki yeye, mama aende Dar. Nami nilikuwa nimeshaamua kubaki! Justina akaanza kucheka huku analia, akasema mtaheshimiana mpaka aende Jilala peke yake.

Baba Justina anasema mila ni mila, tusiwe watu wa kuvunja. Nikamuuliza, wewe mama yangu ulimwona usoni lini? Akasema siku ya msiba wake, pale Didia, walipofunua shuka.

"Alikuwa anafanana na wewe," akasema. "Sikujua."

Miaka kumi na tisa alikuwa mkwe wake.

Jumapili, 20 Juni 1976

Naandikia uwanjani, nimekaa juu ya gunia la miavuli.

Misa ya saa moja. Sikusikia mahubiri, Mungu anisamehe. Nilikuwa namwomba Bikira Maria anioneshe njia. Padri Pantaleo akasema tupeane amani. Kwetu wanawake kushoto, wanaume kulia, kila upande unapeana wenyewe kwa wenyewe. Miguu yangu ikanyanyuka yenyewe. Nimevuka njia ya katikati, nimekwenda mpaka benchi la nne, nimenyoosha mkono. Mama Tereza wa kwaya alidondosha kitabu.

Masele aliangalia mkono. Akaangalia Padri, kama anaomba ruhusa. Akaushika. Kwa mikono yake yote miwili, goti limekunjwa, uso sakafuni. Mikono ilikuwa imelowa jasho. Nikasema amani iwe nawe. Akajibu, mara ya kwanza nasikia sauti yake karibu: "Na wewe, Mayu." Yaani mama, kwa Kisukuma chetu.

Baba Justina hakunisemesha njia nzima. Kufika nyumbani akanifunga kamba za buti. Sijui maana yake nini.

Donatus nimemjibu hatajwi mtu, tunapanda wote. Akasema tukiharibu haendi Dar yeyote, watu kumi na sita, mama, fikiria. Nimefikiria.

Sasa hivi mazoezi ya chini ya mwisho. Duara, Masele mbele yangu upande wa pili. Macho kwenye buti zangu. Nikasema kwa sauti watu wote wasikie, na jina lake nikalitaja, ambalo sijawahi kulitaja:

"Masele. Nitazame, mwanangu."

Hakuna aliyecheka, hata Kamili. Macho yakapanda. Magoti. Mkanda. Yakakaa kwenye kifungo cha juu muda mrefu sana, jasho linamtoka. Donatus akataka kusema kitu, Maduhu akamkanyaga mguu.

Yamefika kidevuni. Hapo yakagoma.

Tunavaa. Jilala anashika daftari hili mpaka nishuke. Masele yuko kwenye mstari, watu watatu nyuma yangu, nasikia anasali Salamu Maria kwa Kisukuma. Kutoka kidevuni hadi machoni shubiri moja haifiki, na juu kule tuna sekunde hamsini nzima. Injini ya kushoto imewaka. Ya kulia nayo —