Mzee wa Ndani ya Kabati

Adelphi, Maryland
9 Februari 1986

Mwanangu Time,

Assalaam aleykum. Baada ya salamu nataka kujua hali yako, hali ya mumeo na wajukuu zangu, na lile goti la shangazi yako limefikia wapi. Mimi mzima, ila kifua kinalialia kwa baridi, na kifua changu unakijua, hakina adabu tangu zamani. Usicheke mwandiko. Herufi hizi nimezianza ukubwani, nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma makopo jikoni kwa balozi aliyenileta huku. Nani mwingine mtaani kwetu Kibokoni aliyefanya hivyo? Hakuna.

Umeuliza huyo Mwaustralia ninayemtaja kila barua ni nani. Haya, keti. Anaitwa Mista Kwiligani, kazi yake kuigiza. Si wale wenye sura nzuri wanaobusu wanawake, yeye ni mtu wa pembeni. Ukitaka hakimu ni hakimu, ukitaka mlevi ni mlevi. Amekuwa askofu, mwizi wa farasi, daktari wa Kirusi, jenerali wa Kituruki. Mwaka mmoja alikuwa bibi kizee, akatoka na nguo zake, akapanda basi, wanaume wawili wakampisha kiti. Katika sinema huuawa mapema, watu hawajamaliza bisi zao. Ndiyo maana sura wanaijua na jina hawalijui. Humsimamisha njiani, "Wewe si fundi wetu wa bomba?" Naye huwajibu kwa sauti ya fundi bomba, tena anawauliza mfereji wa jikoni unaendeleaje!

Alianza utotoni kwao, kwenye hema la michezo lililozunguka mashamba ya kondoo. Akapita London, akaja huku kwa msimu mmoja, akabaki. Kama mimi tu. Balozi alipofungasha kurudi Nairobi nilimwambia nenda, mimi sijamaliza. Nikapata kazi ya kufagia ukumbi wa michezo mtaa wa Shaw. Siku moja nikaona wamemfunga Mista Kwiligani ndevu za bandia kombo. Nikamsukuma yule mvishaji, nikamfunga mimi. Mwaka wa kumi na moja huu, bila Mwadini hapandi stejini. Tunakaa jengo moja, yeye juu, mimi chini.

Sasa nakwambia jambo, usilitoe nje. Kichwa chake kinavuja. Na sasa hivi ndipo amepewa kazi ya katikati, ya kwanza maishani, ana miaka sabini na tatu. Ni mzee wa posta aliyepokea telegramu kuwa mwanawe kafa vitani, akaificha mkewe asijue. Meneja akigundua kuwa hashiki maneno atampa mwingine, na mpwa wake huko Australia ameshasema, kazi ikiisha ni nyumba ya wazee. Alinishika mkono jikoni kwangu akalia, mtu mzima, mpaka kamasi. "Mwadini, nifanyie lolote."

Nami nina dawa. Mimi nilihifadhi juzuu kumi za Kurani kwa kusikia tu. Amenisomea mchezo wote nikikwangua karoti, siku kumi na mbili nimeumeza. Pale stejini pana kabati kubwa la mbao, tupu. Nitakaa ndani. Akikwama, nampa neno.

Mimi babako mwenye kichwa,
Mwadini


Mombasa
1 Machi 1986

Baba yangu,

Nakuamkia. Sisi wazima, na tunaomba uzima wako. Goti la shangazi limepoa, sasa ni meno. Barua yako niliwasomea watoto, yule mdogo akauliza, "Mama, babu kule Amerika ni nguo?" Tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza.

Halafu wakalala, nikaisoma tena, sikucheka. Baba, ukikohoa humo ndani? Na huyo mwenzio akija kukutegemea kabisa? Nakuomba kimoja tu: mwache avute pumzi. Siku ya harusi yangu ulimsahihisha shekhe mbele ya watu, na shekhe hakukosea, alikuwa anameza mate.

Niandikie mara tu mchezo ukianza. Nitakaa roho juu.

Mwanao,
Time


Adelphi
6 Aprili 1986

Mwanangu Time,

Salaam nyingi. Mimi mzima. Mchezo umekwisha salama, watu walijaa, walipiga makofi, hata gazeti liliandika. Mista Kwiligani ameamua kupumzika kwa heshima zake, yuko Wheaton, mahali pazuri pana bustani. Wasalimu wote. Sina zaidi, posta inafungwa.

Babako,
Mwadini


Mombasa
20 Juni 1986

Baba,

Nakuamkia. Hali zetu njema. Idi imepita bila neno kutoka kwako, na hilo halijapata kutokea mwaka wowote.

Ghalib mwendesha teksi, jirani yako hapo, amekuja kumwona mamake. Nilimwandalia chai nikamwuliza mchezo wenu ulikwendaje. Akatazama kikombe. Nikamwambia, "Ghalib, kunywa, kisha useme." Akasema Mista Kwiligani aliondolewa baada ya onyesho la tisa. Akasema aliwarudisha nyumbani siku hiyo katika teksi yake, na hajapata kubeba abiria wenye huzuni vile. Akasema huko Wheaton ni nyumba ya wazee, na basi la Wheaton linapita mbele ya jengo lenu, wewe hulipandi.

Mimi si watu wa Kibokoni wa kupigiwa soga. Nini kilitokea kabatini?

Mwanao anayesubiri,
Time


Adelphi
14 Septemba 1986

Mwanangu Time,

Wa aleykum salaam. Sikuugua. Nilikuwa sina la kuandika, na leo ninalo nikitaka nisitake.

Maonyesho manane nilifanya kazi ambayo hapa mjini haijafanywa. Akikwama nampa neno, akilishika anaruka nalo kama lake. Meneja hakujua, watu hawakujua. La tisa lilikuwa la Jumamosi mchana. Mkewe wa kwenye mchezo akamwuliza, "Kuna barua leo?" Jibu lake ni, "Ya jirani tu." Hakujibu. Nikanong'ona: ya jirani tu. Kimya. Nikanong'ona tena. Kimya. Nikachungulia kwenye ufa, namwona kashika kofia yake, macho chini, wala kidole hakitingishiki. Time, wewe unajua msikitini imamu akikwama kwenye aya, aliye nyuma yake hamwachi, humtolea ile aya kwa sauti, naye huendelea. Kumwacha ni kumtupa. Ndivyo nilivyolelewa. Nikavuta pumzi nikampa kwa sauti yangu ya kuadhinia: YA JIRANI TU!

Walicheka watu mia tatu.

Kumbe hakusahau. Alinyamaza kwa kusudi. Kwenye mazoezi kimya hicho hakikuwapo, alikipata palepale. Yule mama aliyekuwa mkewe alinieleza baadaye, analia, kwamba ukumbi mzima ulikuwa umeacha kupumua, kwamba hajaona mtu akinyamaza namna ile tangu aanze kazi. Umri wake wote amekuwa mtu wa pembeni, siku aliyofika katikati nikampigia kelele.

Baada ya hapo ndipo akapotea kweli. Akaligeukia kabati mbele ya watu, akasema, "Mwadini? Sasa mimi ni nani?" Wakateremsha pazia. Meneja akafungua mlango akanikuta nimekaa na chupa yangu ya chai. Mista Kwiligani akamwambia, "Huyu hana kosa, nilimwomba mimi." Ndani ya teksi ya Ghalib akaniambia neno moja tu, "Nilikuwa nimefika, Mwadini."

Basi umejua. Lakini kumwomba radhi siendi! Nilifanya aliloniambia nifanye. Mtu gani ananyamaza bila kumwarifu mtu wake? Angenigusia tu asubuhi, "Mwadini, leo nitanyamaza hapa," ningenyamaza naye. Mimi sijakosea neno hata moja mchezo mzima, na nani mwingine anaweza kusema hivyo?

Chakula napika, kisha namwaga. Ndevu zake ninazo hapa kwenye boksi.

Babako,
Mwadini


Mombasa
10 Oktoba 1986

Baba yangu,

Nakuamkia, na safari hii sikuulizi afya, nimeisoma.

Nilipovunja mtungi wa jirani nikiwa na miaka saba, ulinishika mkono mpaka mlangoni kwake. Nikakwambia nimeshamwomba Mungu. Ukasema, "Mungu hasamehi cha mwenzio. Mwambie mwenyewe." Mimi nikabisha, nawe ukasimama pale juani mpaka nikasema.

Ulisema kichwa chake kinavuja. Basi akikusahau, hiyo radhi utaiomba kwa nani? Panda hilo basi. Panda leo, barua yangu ikiwa bado mkononi.

Mwanao,
Time


Adelphi
21 Desemba 1986

Mwanangu Time,

Salaam nyingi kwako na wote. Kifua kibaya, nisikufiche.

Barua yako niliiweka juu ya runinga wiki tano nikibishana nayo. Ubishi wangu huo ndio umeniua, liandike hilo, uliweke. Nilipokwenda alinipokea muuguzi, mama wa Kikuyu anaitwa Wamaitha, akaniambia, "Mzee wangu, wewe keti tu. Leo ameamka akiwa daktari, amenipima mapigo mpaka nimechoka."

Hanijui, Time. Nimemfunga ndevu miaka kumi na moja, hanijui.

Nilimwambia, "Mista Kwiligani, nimekuja kuomba radhi." Akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa ambayo hana, akaniandikia dawa ya kifua. Safari ya pili alikuwa mwizi wa farasi, akaniambia nipunguze sauti, polisi wako nje. Safari ya tatu alikuwa bibi kizee, akanilisha biskuti yake. Nikamwomba radhi huku natafuna. Akanifuta mdomo.

Jana alikuwa hakimu. Nikasema huyu ndiye, huyu atasikiliza. Nikamweleza yote kama kesi ya mtu mwingine, kabati, telegramu, kile kimya. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana.

"Huyo mtu wa kabatini alijua maneno yote?"

"Yote, mheshimiwa. Hakuna mwingine aliyeyajua vile."

"Na kimya?"

"Kimya hakukijua."

"Basi mchezo hakuujua. Na huyo aliyekosewa yuko wapi, aje aseme?"

Nilimtazama yeye mwenyewe. Akagonga sinia kwa kijiko, akasema mahakama haiwezi kusamehe kwa niaba ya mtu asiyekuwepo. Wamaitha alikuwa anacheka mlangoni, akaniona uso, akaacha. Nikasimama nikasema, "Asante, mheshimiwa."

Nikiwa natoka, Wamaitha akaniambia kwa upole kwamba Mista Kwiligani mwenyewe labda hayumo tena, nisijisumbue na baridi hii. Nimembishia. Kurudi nyumbani Mombasa usiniulize kwanza.

Daktari nimemwomba, mwizi, bibi, hakimu. Kesho sijui atakuwa nani. Basi linapita saa tatu asubuhi.

Babako,
Mwadini