Pete Iliyokwama Kidoleni

Dada yangu mpenzi,

Huku sote wazima. Kuku uliyeniachia ameangua vifaranga saba.

Jana nilikwenda kwa sonara na mchumba wangu, yule seremala, kuchagua pete. Ya kwake niliichagua mimi. Niliijaribu kwenye dole gumba langu, ikakaa sawasawa. Kumvalisha, ikakwama kwenye kifundo.

"Bibi harusi, ulimpima nani?" sonara akacheka.

Pete ya marehemu mume wangu ndiyo iliyokuwa ikinienea dole gumba, dada. Nilimvalisha mimi, na asubuhi ile hospitalini nikamvua mimi, kidole kimeshapoa. Tangu hapo naogopa. Kumvalisha mtu pete ni kukubali kwamba huenda siku moja utaivua wewe.

Seremala hakukasirika. Aliomba uzi, akanipa. "Haya, sasa nipime mimi. Taratibu tu, sina haraka."

Nikauzungusha. Kidole chake ni kinene, kimegandwa na gundi ya mbao, na kilikuwa cha moto.

Harusi ni Jumamosi. Hofu haijaniisha. Njoo usimame karibu yangu, unishike kiwiko nitakapomvalisha.

Ni mimi, mdogo wako.