Ghorofa ya Tano, Mtaa wa Msimbazi

Jumatatu, 3 Machi 1975
Leo tumepaka rangi ghorofa ya tatu. Mimi na shemeji Hamisi, mume wa dada Zuhura, juu ya jukwaa la mbao linaloning'inia kwa kamba mbili. Yeye anapaka huku anapiga mluzi. Mimi naukodolea macho ukuta. Nikitazama chini tu, nashika kamba. Miezi miwili sasa tangu nianze kazi hii. Sijamwambia mtu. Mwanamume mzima, naogopa kuwa juu.

Jumatano, 5 Machi
Ghorofa ya nne. Nimetapika kabla ya kwenda kazini. Dada alidhani ni unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Nikamwacha adhani hivyo.
Hamisi kaona kamba ya kushoto imechakaa. Kamweleza msimamizi. Kajibiwa kamba mpya zimeagizwa, tuvumilie.

Ijumaa, 7 Machi
Hamisi amefariki. Siwezi kuandika.

Jumapili, 9 Machi
Tulimzika jana.
Ilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi, ghorofa ya tano. Kamba ya kushoto ikaanza kufumuka, jukwaa likainama. Ndoo ya rangi ikaenda. Watu chini wakapiga kelele. Dirisha la pembeni yangu likafunguliwa, karani mmoja wa Kihindi akatoa mikono yote miwili.
"Njoo, ndugu! Nishike!"
Hamisi hakuweza kupita mpaka nipite mimi. Sikupita. Nilikumbatia kamba ya kulia, nikafumba macho. Nawasikia wananiita, mwili haunitii.
"Shemeji, usitazame chini. Nitazame mimi." Hamisi huyo. Kwa upole, kama anabembeleza mtoto.
Akanibandua vidole, kimoja kimoja. Akanisukuma. Karani akanivuta ndani kwa kola. Nilipogeuka, jukwaa lilikuwa linaning'inia wima kwa kamba moja. Tupu.
Dada kaniambia, "Angalau Mungu kaniachia wewe." Kanimiminia chai. Mimi ndiye niliyemchelewesha mumewe.

Jumanne, 11 Machi
Wenzangu wananiita mwenye bahati. Siitaki. Kamba mpya zimefika. Msimamizi kauliza nitarudi lini.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia dada. Yote. Yuko edani, amekaa chumbani anachambua mchicha. Hakulia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
"Unaogopa tangu lini?"
"Tangu siku ya kwanza."
Kasema, "Hamisi alijua. Alinikataza nisikuulize, usije ukaona aibu."
Kanisogezea fungu moja la mchicha. Tukachambua mpaka likaisha.